Sista Asiyesikia Kirundi

Pale Rusimbi, mjini Kigoma, mtu akitaka kumhimiza bintiye asomee uuguzi, humtajia Agnesi wa Simbo. Mtazame Agnesi, alianza chini kama wewe, leo ana ofisi Dar es Salaam na kiti cha kuzunguka. Nikiwapo mimi huwaacha waseme, kwa heshima ya wenye nyumba, lakini hutamani kutema mate. Nimefanya kazi na Agnesi, nimekula naye sahani moja, na kile kiti najua alikipataje.

Tulimaliza chuo mwaka mmoja, mimi Hasna wa Ujiji na yeye binti wa mkulima wa mihogo. Sitamnyima haki yake, mikono alikuwa nayo. Mshipa wa mtoto mchanga uliotushinda sisi, yeye aliupata mara moja. Ila mikono ile ilifanya kazi mbele ya wakubwa tu. Daktari akiingia wodini atamkuta Agnesi ameshika beseni la matapishi, tena anatabasamu. Daktari akitoka, beseni linawekwa chini na mgonjwa anaambiwa asubiri. Sisi tuliokaa vitandani na wagonjwa alitucheka waziwazi, akisema tutazeekea hapohapo vitandani. Yeye alikuwa na safari yake, na kila mtu aliyelala mbele yake alikuwa ama ngazi ama kikwazo.

Mwaka wa tisini na sita Warundi wakawa wanavuka ziwa usiku na mchana kukimbia vita. Maboti yaliwashusha ufukweni wakiwa na magodoro, mbuzi na vizee waliobebwa mgongoni. Shirika moja la misaada likasimamisha mahema pale na kuazima wauguzi wa mjini, mimi na Agnesi tukiwamo. Wakubwa wa shirika wakatoa uamuzi kwamba muuguzi anayejua Kirundi atapelekwa makambini, kule porini Kasulu, na asiyekijua atabaki ufukweni. Msimamizi wetu angetoka miongoni mwa waliobaki, kisha angepelekwa kusoma ng'ambo. Kwa hiyo wakimbizi waliofika wamechoka na wamejeruhiwa walipokewa na watu wasioelewa hata neno lao moja. Walioamua hivyo walikuwa wamesoma sana.

Tulipoitwa mmoja mmoja kuulizwa lugha, Agnesi alijibu bila kupepesa kwamba anajua Kiswahili na Kiingereza basi, eti alilelewa na shangazi yake Tabora. Huyo shangazi hajawahi kuwapo. Agnesi ni Muha, na Kiha na Kirundi ni lugha za jirani na jirani, Muha na Mrundi wakikutana sokoni hawahitaji mkalimani. Nami nilikuwa Simbo siku bibi yake Agnesi alipozikwa. Alimlilia kwa Kiha tangu mlangoni mpaka kaburini, bila kuchanganya hata neno moja la Kiswahili. Siku ile ya kuulizwa nilimcheka tu kimoyomoyo. Kasulu hakuna aliyekuwa anaitamani.

Mkalimani tulikuwa naye mmoja, Gervasi, mwalimu wa shule ya msingi. Siku ninayoisema Gervasi alikuwa ameondoka na malori ya Kasulu. Ikaja boti kutoka Rumonge, kule Burundi, na ndani yake mwanamke mmoja mjamzito aitwaye Kaneza, peke yake, mume ameachwa njiani hajulikani yuko hai au la. Alishuka ameshika kiuno. Uso ulikuwa umempauka, na midomo imepasuka. Kazi ya waja wazito ilikuwa ya Agnesi. Mimi nilikuwa hema la pili nachanja watoto surua, nayaona na kuyasikia yote kwa sababu turubai lilikuwa limekunjwa juu.

Siku hiyohiyo walikuja wageni wa shirika. Mkuu wao alikuwa mama mmoja wa Kizungu, naye ndiye aliyekuwa anatafuta msimamizi. Agnesi alikuwa amepiga pasi gauni mpaka linasimama lenyewe. Akamsogelea Kaneza kwa sauti ya asali, akamuuliza kwa Kiswahili uchungu ulianza lini. Kaneza akaelewa kwa ishara, akajibu, "Ejo. Ejo mu gitondo." Kisha akaendelea kwa Kirundi, maneno mengi, akimwangalia Agnesi machoni na kumshika mkono wa gauni. Agnesi akautoa mkono wa Kaneza polepole, akainua mabega.

"Sielewi, mama," akasema.

Akaitwa Faridi, mchukuzi wa mizigo wa Ujiji, aliyekuwa akienda Rumonge kuchukua mawese. Kirundi chake chote alikiokota kwa wachuuzi wa kule. Kila alipouliza mzigo wake utakuwa tayari lini walimjibu ejo, na akisubiri mpaka kesho yake mzigo ulikuja. Kwa hiyo Faridi alikuwa na hakika. Akatangaza kwamba mama anasema kesho, kesho asubuhi. Wageni walipotafsiriwa wakacheka kwa upole, kwamba mama huyu mzazi wa siku nyingi anaijua mpaka siku yake. Agnesi akacheka nao. Akamlaza Kaneza kwenye mkeka kivulini bila kumgusa tumbo, akasema huyu bado. Gari lilikuwa moja, na Agnesi akapanda kiti cha mbele kwenda kuwatembeza wageni Ujiji.

Jua lilipoanza kushuka Kaneza aliacha kuugua kwa sauti. Ukimya ule ndio ulionitoa kwenye chanjo zangu. Nilipomshika tumbo lilikuwa gumu kama ubao, na nilipoweka sikio kutafuta moyo wa mtoto sikusikia kitu. Tulimbeba kwa machela mpaka barabarani, tukasimamisha gari la samaki, likatufikisha hospitali. Walimpasua. Mtoto alitolewa amekufa, wa kiume, mzima wa viungo vyote. Kizazi kilikuwa kimepasuka, nacho wakakitoa.

Gervasi aliporudi nikamsimulia, akajishika kichwa. Akanieleza kwamba kwa Kirundi ejo ni jana, na ejo ni kesho pia, ni neno moja kwa siku zote mbili. Ukitaka kujua ni ipi unasikiliza maneno yanayofuata, na Kaneza maneno aliyasema mengi. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake asubuhi, kabla hajapanda boti. Nikamuuliza Gervasi kama mtu wa Simbo anaweza kukosea hapo. Akaniambia hata mtoto wa Simbo hakosei.

Nilimkuta Agnesi anakunja gauni lake. Nikamuuliza kama aliisikia ile ejo.

"Nilisikia," akasema, wala hakuinua macho. "Ningefungua mdomo, leo ningekuwa juu ya lori la Kasulu. Wewe, Hasna, huna pa kwenda, ndiyo maana huruma inakutosha."

Nilitamani kumzaba kibao. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye pale, anavyolainisha kola kwa kiganja, mtoto wa watu hajamaliza hata siku moja ardhini. Nikaenda moja kwa moja kwa yule mama wa Kizungu nikamwambia yote kwa Kiingereza changu cha chuoni. Akanisikiliza, akasema ugomvi wa wauguzi hataki kuingizwa, na kwamba sista Agnesi ndiye mtumishi msafi kuliko wote aliowaona Kigoma. Kwa usafi wa gauni sikuwa na la kubisha.

Wiki iliyofuata Agnesi akatangazwa msimamizi, na kabla hajaondoka kwenda ng'ambo wageni wakataka picha yake akihudumia mkimbizi. Wakamchagua Kaneza, kwa sababu kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha. Ilikuwa siku ya kumtoa nyuzi. Agnesi akaingia na trei, wageni nyuma yake, na mimi nikasimama kichwani pa mgonjwa. Sakafu ilikuwa imetoka kudekiwa kwa sabuni na karibu na kitanda maji yalikuwa bado yametuama. Kaneza alikuwa hamchukii yeyote, alijua tu kwamba sista yule hakuelewa lugha yake. Akamwona anakuja haraka na viatu vyake vya soli laini, na yeye mwenye kidonda cha tumbo zima akajiinua kwa kiwiko kumwonya.

"Raba, uranyerera," akasema, yaani angalia, utateleza.

Agnesi akasimama ghafla. Akatazama chini, akainua mguu, akayazunguka yale maji akapita upande wa pili. Na kujibu akajibu, bila kufikiri, "Ego," yaani ndiyo. Kisha akakumbuka kwamba Kirundi hakijui.

Chumba kizima hakuna aliyegundua isipokuwa mimi na Kaneza. Kaneza alimtazama kwa muda mrefu. Niliona anavyoirudia ile siku ya mkekani, neno kwa neno, kila alichosema na kila alichojibiwa.

"Burya urumva," akasema taratibu. Hicho Kirundi hata mimi nilikijua: kumbe unasikia.

Agnesi akaweka trei, akavaa tabasamu lake la wakubwa, akanyoosha mkono kwenye shuka. Kaneza akalivuta shuka mpaka shingoni, akalikamata kwa mikono yote miwili. Wodini alikuwa ameokota Kiswahili kidogo, akakitumia chote.

"Wewe usinishike," akamwambia. "Mwanangu alikuwa hai."

Yule mama wa Kizungu akainama kwa upole, akauliza mgonjwa anasema nini. Agnesi akamgeukia, na kwa Kiingereza chake kizuri akamjibu kwamba anasema anashukuru.

Yule mama akamtabasamia Kaneza, na picha ikapigwa.