Ua Wangu wa Uriri

Kazi yangu ni uchumi wa nchi zinazoinukia. Nimezunguka miji mikuu ya watu nikiwaambia mawaziri wapi pa kuwekeza, na mdomo huo umenilisha vizuri. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nimecheza kwa watu. Nyumbani Muhuru Bay, mama yangu, mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, alikuwa na swali moja tu juu yangu: nikifa, nitazikwa wapi?

Kwetu Wajaluo, binti ambaye hakuolewa hazikwi ndani ya boma la baba yake. Hulazwa nje ya ua, upande wa nyuma. Shangazi yangu yuko huko, na utotoni tulikatazwa kucheza karibu naye. Mimi pia sikuolewa.

Mama alipopata saratani ya koo, nilirudi kumuuguza. Siku moja alipata nguvu kidogo, akaniamuru nimpeleke Uriri, mbali na kwetu ziwani. Akanionyesha shamba dogo la mteremko, akasema amelinunua kwa jina langu. Nilifurahi kijinga. Nikaanza mhadhara pale pale: udongo unafaa mahindi, soko liko karibu, tunaweza hata kukodisha.

"Nyara," akanikatiza. Binti yangu, ndivyo alivyoniita siku zote. "Nani amekuambia habari ya mahindi?"

Akanyoosha kidole. Shamba zima lilikuwa limezungushiwa minyaa michanga, ile miti ya utomvu tunayozungushia maboma. Alikuwa ameipanda mwenyewe, na ugonjwa ule.

"Ukiwa na ua wako, hakuna mtu atakuambia uko nje."

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia mgonjwa ni yeye, si mimi, na desturi hiyo ni ukatili mtupu. Aliinama akaanza kung'oa magugu kwenye mashina, akipumzika kila baada ya hatua chache. Nilimwangalia mpaka nikashindwa, nikapiga magoti nikang'oa pamoja naye.

Mama alikufa kabla ya mvua. Tulimzika ndani ya boma la baba, kama mke anavyostahili.

Minyaa ya Uriri sasa imenifika kifuani. Kila nikirudi kutoka safari naipogoa, halafu nakaa kidogo huko ndani. Nafasi ni kubwa, ingetutosha sote wawili. Lakini mama ana boma lake, na langu ndilo hili.