Koili Iliyoniangusha Darasani

Miaka ya sabini nilifundisha fizikia katika shule ya wasichana nje kidogo ya Kebirigo. Wengi wao kwao walisomea koroboi, kwa hiyo nilitaka umeme wauone kwa macho, wasiukariri tu. Dereva mmoja wa lori la majani chai alituazima betri. Nikazungusha waya wa shaba kwenye kipande cha mwanzi, mizunguko mamia, nikaiunganisha koili hiyo na balbu ya gari.

Kwa betri, balbu iliwaka vizuri. Kisha nikatumia umeme wa jenereta ya shule, nikiwa nimeupunguza kwa transfoma hadi volti kumi na mbili zile zile za betri. Balbu ikafifia. Nilipoingiza vipande vya chuma ndani ya mwanzi, ukabaki uzi mwekundu tu.

"Mwalimu, umeme umeenda wapi?" akauliza msichana wa dawati la mbele. "Unaliwa na waya?"

Nikamwambia aiguse koili. Akaigusa kwa woga, akatoa macho.

"Ni baridi!"

"Ungekuwa unaliwa, waya ungekuwa moto," nikasema. Nikawaeleza kwamba mkondo wa betri huenda upande mmoja tu, lakini wa jenereta huenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde, na kila unapobadilika, usumaku wa koili, ambao chuma huuongeza, huupinga.

Nikarudisha betri walinganishe tena, chuma kikiwa bado ndani. "Hii haina hatari," nikasema. "Hata mtoto anaweza kuishika." Mkono mmoja ukiwa kwenye kichwa cha betri, kwa mwingine nikauchomoa waya wa koili, nimeushika ncha yake tupu.

Kitu kilinipiga hadi mabegani. Nilijikuta nimekaa sakafuni, kiti kimepinduka, wasichana wanapiga mayowe. Volti kumi na mbili! Nilizitazama kucha zangu kana kwamba ni za mtu mwingine.

"Mwalimu," yule msichana akasema, "ulisema haina hatari."

"Nilisema. Nilikosea."

Kosa lilinijia nikiwa bado chini. Kuukata mkondo ghafla ni kuubadilisha zaidi kuliko kitu kingine chochote, na koili ilikuwa imepinga kwa nguvu zake zote, kupitia mikono yangu. Fomula yake niliijua tangu chuoni.

Nilisimama niiandike ubaoni, chaki ikaniponyoka mara mbili. Msichana yule akaja, akaiokota, akaiandika fomula mwenyewe huku nikimwelekeza.