Kijiji Kisichotaka Namba Mbili

Kisanduku kilisema hakuna umeme. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya taa inayowaka, friji ya chanjo inanguruma chumba cha pili, na bado nasoma sifuri. Nikakipiga kofi. Sifuri ikabaki sifuri.

Ilikuwa zahanati ya kijiji cha ufukweni mwa ziwa, mbele ya Usagara, miaka ile ya tisini ambapo kila mfadhili alikuwa na mradi na kila mradi una gari. Mradi huu ulikuwa wa umeme wa jua. Uliweka paneli juu ya mapaa mawili na inveta mbili, zile mashine za kuugeuza umeme wa jua uweze kuwasha taa: moja wodi ya wazazi, nyingine chumba cha chanjo. Kisanduku cha kumbukumbu kiliziita kwa waya, kila moja kwa namba yake, kikaiuliza imetoa umeme kiasi gani, kikatunza jibu. Mkaguzi wa mradi akikuta kumbukumbu tupu, paneli zinahamishiwa kijiji kingine. Aliamini kisanduku, si taa.

Nesi mkunga ndiye aliyenifuata mjini Mabatini, kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio, wala hakubembeleza. "Fundi, mimi nimezalisha kwa kibatari miaka yote. Sirudi huko."

Nikapima waya wote, nikafukuza mjusi, kisha nikafungua inveta zenyewe. Zote mbili zilikuwa zimewekwa namba moja. Kisanduku kikiita namba moja, zinajibu kwa pamoja, nacho hakiambulii kitu. Nikaigeuza ile ya chanjo iwe mbili, majibu yakaanza kuingia. Nikanywa chai, nikaenda zangu.

Wiki iliyofuata, sifuri tena. Moja na moja.

"Nani anafungua hizi mashine?" nikafoka.

Mzee mmoja wa kitongoji cha juu, cha wakulima wa pamba, akaweka bisibisi mezani bila aibu. Nikamwamkia kwanza, maana hasira haiondoi shikamoo.

"Marahaba. Ni mimi. Chumba cha chanjo tumejenga sisi, wodi wamejenga wavuvi. Kwa nini wao wawe wa kwanza?"

"Ni namba tu, mzee."

"Kama ni namba tu, wape wao mbili."

Nikawapa. Kabla sijafunga mfuniko, mzee wa wavuvi alishafika na bisibisi yake. Vyama vingi vilikuwa vimeshaingia nchini, lakini pale hakuna aliyekubali kuwa wa pili.

Mkaguzi alikuwa anakuja kesho yake. Kikao kikakaa mchana kutwa, kikafufua mpaka kesi za mbuzi waliokwisha kuliwa. Wodini kulikuwa na mama mwenye uchungu, na nesi kila akitoka ananitazama mimi, kana kwamba wazee wale nimewazaa. Niliona uchungu, wangu mimi. Nikasimama nikasema wavuvi wachukue namba mbili, wakulima namba tatu.

"Na moja?"

"Moja tumwachie Mungu."

Hapo nani abishe? Wavuvi walifurahi kuwa jirani na Mungu, wakulima walifurahi kwamba tatu inaizidi mbili. Wakasema amina, wa kanisani na wa msikitini.

Mkaguzi alisoma kumbukumbu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akakunja uso. "Mbona namba moja haijibu?"

Nesi akasema, "Huyo hajawahi kutujibu."

Mkaguzi akasema pole, akaandika kuwa namba moja imeharibika. Paneli zikabaki.

Baada ya miezi kadhaa gari la mradi likaleta inveta mpya ndani ya boksi, limeandikwa moja kwa wino mwekundu. Nikaitwa kuifunga. Nilikuta wazee wote wawili wameshika bisibisi, na nesi amekalia boksi.

"Fundi, liondoe. Lirudishe mradini, litupe ziwani, sitaki kujua. Nina mzazi ndani, na taa inawaka."

Nikajitwisha boksi hadi barabarani. Wazee walinisindikiza wote wawili, kila mmoja akihakikisha silitui upande wa mwenzake.