Jiko Linalomeza Moshi

Mama alizoea kukaanga vitunguu huku shingo ikigeukia dirishani kila mara, mkono mmoja ukikoroga, mwingine ukipunga kitambaa kufukuza moshi. Bintiye alikuwa na pumu, hivyo miaka yote walipiga soga kupitia dirisha, binti akiwa nje. Fundi alipofunga jiko lenye feni katikati, la kuvutia moshi chini, Mama aliguna: "Tangu lini moshi ukashuka?" Hata hivyo aliinjika vitunguu, akabonyeza kitufe. Moshi wa kwanza ukapinda, ukazama.

"Mwanangu, hebu ingia. Taratibu."

Binti akaingia, akavuta pumzi, akasubiri kikohozi. Hakikuja.

"Mama, vitunguu vinaungua!"

"Ndiyo kwanza umeingia, umeshaanza kunifundisha kupika!" Lakini alikuwa tayari anamsogezea kiti.