Salamu Kando ya Lami

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa lori la maji nikaambiwa nimwagilie barabara. Nilidhani wenzangu wananifanyia mzaha. Asubuhi ile nilitoka kijijini Buhehe baada ya sala, na kwetu maji yalibebwa kichwani kutoka mtoni. Kuyamwaga juu ya udongo mtupu niliona ni kukufuru. Nyapara wa kambi yetu ya Mella, mzee mwenye sauti ya kengele, aliuona uso wangu.

"Unangoja nini, kijana? Unafikiri hapa tunapanda mahindi?"

"Hapana, mzee. Nashangaa tu."

"Shangaa huku unaendesha. Rola inakuja!"

Wakacheka wote. Baadaye nilielewa. Maram, yaani udongo mwekundu wenye changarawe, haushikani ukiwa mkavu. Greda huusawazisha, lori la maji huulowesha, kisha rola, lile gurudumu zito la chuma, huushindilia mpaka uwe mgumu kama sakafu. Maji yakizidi, rola inazama. Yakipungua, kazi yote inapeperuka na upepo.

Hiyo ndiyo barabara niliyoikuta kati ya Tororo na Busia, enzi za wakoloni. Ilikuwa nyembamba, imeinuka katikati ili mvua ikimbilie mitaroni, na sote tulipita juu ya mgongo huo kwa sababu kingo zilikuwa laini. Magari mawili yakikutana, asiye na mzigo alimpisha mwenye mzigo. Lakini hakuna aliyempisha mwenzake kimya. Mlisimama dirisha kwa dirisha, mkazima injini, mkasalimiana. Mlipeana habari za mvua, za wagonjwa, za waliofiwa. Nimewahi kupokea kuku dirishani wa kumfikishia bibi harusi wa Tororo, na kuku huyo alifika mzima.

Niliyekutana naye mara nyingi ni Juma, kijana wa Kiislamu wa mjini Busia. Aliendesha lori aliloachiwa na marehemu baba yake, na kwa lori hilo alimlisha mama yake na wadogo zake. Kwa kuwa nilisoma misheni na niliimba nyimbo za kanisani nikiendesha, aliniita Padri. Mimi nilimwita Shehe.

"Padri! Leo umebatiza barabara yote?"

"Nimekubakizia kidogo, Shehe. Lete hicho kichwa."

"Weee! Maji yako yananuka chura. Mama anakusalimu."

Kisha ikaja lami. Bwana Ovasia, Mhindi aliyezeeka pamoja na vumbi letu, alitufundisha kuichemsha kwenye mapipa na kuimwaga ikiwa moto, kisha kokoto juu yake, kisha rola. Ilipokamilika ilikuwa nyeusi na pana, na malori mawili yalipishana bila kugusana. Tulimshukuru Mungu kwa hilo. Lakini madereva walihamia kwenye lami na desturi za maram. Waliendelea kupita katikati, na waliendelea kusimama katikati kusalimiana, ilhali sasa aliyekuja nyuma yao alikuja mbio.

Bwana Injinia, Mwingereza mrefu asiyependa kurudia neno, alitukusanya.

"Hii hapana soko. Mtu akisimama juu ya lami kupiga hadithi, kama ni dereva yangu, anarudi kubeba karai. Kama ni dereva ya nje, polisi anachukua leseni yake. Mmesikia?"

Tulisikia. Siku iliyofuata nilikutana na Juma. Nilipunga mkono nikapita. Kwenye kioo nilimwona amesimama, dirisha wazi, akiningoja nirudi nyuma. Ikawa hivyo tena, na tena. Mwishowe tulikutana sokoni Busia.

"Lami imekula ulimi wako, Padri?"

"Ni amri ya Bwana Injinia, ndugu yangu."

"Huyo Injinia ndiye atakuja kukuzika?"

Akaondoka. Nilimwombea, lakini sikujua nifanye nini zaidi.

Kingo za barabara zilibaki za maram, kwa hiyo lori langu lilikuwa bado na kazi. Ni vizuri mjue kwamba tangi lililojaa hutulia. Lililo nusu ndilo baya. Maji huyumba kama mlevi, na ukikanyaga breki hukusukuma kwa nyuma. Siku moja nilikuwa nikiteremka na tangi nusu. Baada ya kona nikaliona lori la Juma limesimama upande wangu, naye mbele yake, mikono kiunoni. Alikuwa ameamua kwamba siku hiyo nitamsalimu.

Nilikanyaga breki. Maji yakanisukuma. Nikakata usukani, lori likaruka mtaro na kulala ubavu ndani ya shamba la mahindi.

"Padri! Padri, u hai?" Juma alikuja akipiga mayowe.

"Salama, Shehe," nilijibu nikiwa nimelalia mlango. "Habari za Busia?"

Alilia, kisha akacheka huku analia.

Wakubwa walifika. "Nani simamisha gari hapa?" aliuliza Bwana Injinia. Ukweli ungemnyang'anya Juma leseni, na uongo sikufundishwa. Juma mwenyewe akasogea mbele.

"Ni mimi, Bwana. Huyu amekataa kunisalimu."

"Salamu? Hii yote sababu ya salamu?"

Hapo nikasema: "Bwana, kwetu kumpita mtu kimya ni kumwambia hayupo. Amekosea mahali pa kusimama. Kusimama kwenyewe si kosa. Na leseni hiyo ni chakula cha mama mjane."

Bwana Injinia aliyatazama mahindi. Maji yalikuwa yakitoka tangini, yakipita taratibu kati ya mistari. Nyapara akaninong'oneza, "Kumbe kweli ulikuja kupanda mahindi."

"Ovasia," Bwana Injinia akasema, "pima hapa, nje ya lami." Akatia leseni ya Juma mfukoni. "Wewe utachimba. Na wewe," akanigeukia mimi, "utabeba karai. Mahali ikikwisha, leseni inarudi. Mtu akitaka hadithi, hadithi huku."

Tulichimba, tukajaza mawe, tukashindilia, mpaka kando ya lami pakawa na mahali pa malori kusimama. Leseni ilirudi. Tangu hapo madereva wa njia ile walisogea kando, wakazima injini, wakaulizana hali.

Baadaye nilitumwa kambi ya Kisoko, kisha karakana ya Tororo, chini ya mainjinia wengine, hata baada ya uhuru. Barabara ile ilimfikisha mke wangu hospitalini kwa wakati siku alipojifungua kwa shida, na kwa hiyo siwezi kuilaumu lami. Vijana wa leo hupishana kwa kuwashiana taa, na malori husimama pale petu kupoza magurudumu. Hawajui palichimbwa kwa nini, na si kosa lao.

Siku yangu ya mwisho kazini nililitoa lori Busia kulirudisha karakanani. Pale kando ya lami palikuwa na lori kuukuu, injini imezimwa, dirisha wazi, na ndani yake mzee mwenye kofia nyeupe.

"Padri, una haraka?"

Nikatoka kwenye lami na kuzima injini.

"Leo sina, Shehe. Mama hajambo?"