Sifuri ya Saa Tatu Asubuhi

Msimu ninaoukumbuka kuliko misimu yote ya utoto wangu una sauti yake, nayo ni sauti ya baba yangu akitamka neno moja: "Sifuri." Alilitamka kila siku saa tatu asubuhi, nyuma ya nyumba yetu, katika kijiji kilichokuwa mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka Bariadi mjini. Pale nyuma, mbali na mti wowote na mbali na paa, kulikuwa na kipima mvua: chombo cha shaba cha mviringo, nusu yake imezikwa ardhini, ndani kina faneli na chupa. Bwana shamba alimkabidhi baba chombo hicho kwa sababu baba alijua kusoma na alikuwa mzee wa kanisa asiyejulikana kwa uongo. Masharti yalikuwa matatu. Kisomwe saa ileile bila kukosa, asikiguse mtu mwingine, na kinachoonekana kisemwe kilivyo, hata kama ni sifuri. Kwa kuwa chombo kilikuwa chini, baba alilazimika kupiga magoti. Alitoa chupa, akaiinua usawa wa macho, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sifuri." Mimi, mtoto wake wa darasa la nne, nilisimama kando nikamrudishia, "Sifuri," ili awe na hakika kwamba kilichosemwa kimesikika. Ndipo aliposimama na kujikung'uta vumbi magotini.

Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa, na hakuna mtu aliyeweza kutulia. Wanaume walikwenda shambani asubuhi bila kazi ya kufanya huko, wakarudi, wakaenda tena. Udongo mweusi wa mbuga ulikuwa umepasuka nyufa zinazomeza mguu wa ndama. Wafugaji kutoka upande wa Mwanhuzi walipita na ng'ombe wao wakitafuta malambo yenye maji, na vumbi lao lilibaki hewani hata baada ya kengele za shingoni kunyamaza. Ndani ya nyumba yetu mbegu za pamba zilikaa kwenye gunia karibu na mlango, zikinukia mafuta na manyoya makavu, na mama alikuwa amekwisha kuzitenga zile za kufikicha na majivu ili zisishikane wakati wa kupanda. Tulikula michembe asubuhi na michembe jioni, viazi vikavu vinavyotafunwa kwa muda mrefu kuliko vinavyoshibisha. Kila alasiri mawingu yalikusanyika upande wa ziwa, yakawa meusi, yakatupita. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Baba, ambaye kwa kawaida aliwaheshimu wahenga, alisema mwaka ule mawingu ni dalili ya mawingu.

Siku za Jumapili baba aliongoza sala ya kuombea mvua, amesimama mbele ya madhabahu, macho amefumba, viganja amevifungua. Kisha Jumatatu saa tatu alipiga magoti mbele ya kile chombo, macho amefumbua. Mimi sikuona tofauti kubwa. Kote kulikuwa na saa yake, magoti, ukimya, neno linalotamkwa na neno linalorudishwa. Siku moja nikamuuliza, "Baba, ukishaomba kanisani, huku unakuja kutazama kama Mungu amesikia?" Hakukasirika. Alifikiri kama alivyofikiri mambo yote, polepole, huku akiifuta chupa kwa kitambaa. "Kanisani nasema ninachotaka," akajibu. "Hapa ninachotaka hakina kazi. Hapa nasema nilichokiona." Jibu hilo lilinikalia vibaya, kama punje ya mchanga katika ugali. Niliona kwamba alikuwa na vinywa viwili, na sikujua kipi kilimwamini kingine.

Wakati mimi nikiwaza hayo, majirani walikuwa na hesabu yao. Njia ya kwenda kisimani ilipita nyuma ya ua wetu, na saa tatu ndiyo saa ambayo wanawake walirudi na ndoo. Walichokiona ni hiki: mtu anapiga magoti mbele ya chombo kilichozikwa, anatazama ndani kama mganga anavyotazama, anatamka kwamba hakuna, na mtoto wake wa kike anaitikia kwamba hakuna. Na kweli mvua haikuwapo. Jana alisema hakuna, ikawa hakuna, na leo ni vilevile. Wa kwanza kulisema wazi alikuwa Bibi Minza, mkunga wa kijiji, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa iliyowapokea duniani karibu watoto wote wa rika langu. Alisema baba Limi ameifunga mvua. Limi ni mimi. Ni jina wanalopewa wasichana waliozaliwa jua likiwaka, nalo maana yake ni jua. "Nyumba yenye Limi mlangoni na shaba uani," Bibi Minza aliwaambia wenzake, "mbula ipite wapi?" Mbula ni mvua kwa Kisukuma. Wakacheka. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na wiki ile ile kicheko kiliisha. Tukimwamkia mtu "Mwangaluka," aliitika huku akitazama pembeni.

Jambo hili lingekuwa la kuudhi tu kama mama asingekuwa mjamzito wa miezi ya mwisho. Zahanati ilikuwa mbali, na gari lilikuwa la bahati. Mkunga alikuwa Bibi Minza, ambaye alikuwa hajakanyaga kwetu tangu maneno yaanze. Tena sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuwa na adhabu moja iliyoogopwa kuliko viboko, nayo ni kumtenga mtu. Aliyetengwa hapewi moto wala hasalimiwi, na akifiwa anazika mwenyewe. Mama alikuwa amewahi kuiona nyumba iliyotengwa. Alikaa kizingitini akifikicha mbegu na majivu, mbegu ambazo hazikuwa na pa kwenda, na kila baada ya muda aliinua kichwa kutazama njia ya kisimani.

Baba aliitwa kwenye mkutano alasiri moja, mbele ya ghala la kununulia pamba, ambalo wakati huo wa mwaka lilikuwa tupu likinukia panya na pamba ya zamani. Nilikwenda naye kwa sababu na mimi nilitajwa. Kamanda wa sungusungu, mtu mrefu mwenye filimbi shingoni, alianza kwa upole. "Baba Limi, hatukukuita kwa ubaya. Tunauliza tu. Kile chombo kinakula nini?"

"Hakili kitu. Kinapokea mvua inayoangukia pale."

"Kinaiita?"

"Hakiiti."

"Kinaizuia?"

"Hakiizuii."

"Mayu," Bibi Minza akamgeukia mwanamke aliyekaa kando yake, akimwita mama, kama vile baba hayupo, "chombo hakiiti, hakizuii, na mtu anakipigia magoti kila siku. Ningekuwa mke wake ningeona wivu." Watu wakaangua kicheko, hata baba akatabasamu kidogo. Kisha akasema kwamba kazi yake ni kuhesabu, na hapo kicheko kikakatika. Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi akasema yeye hajawahi kuhesabu ng'ombe wake mbele za watu, wala watoto wake, kwa sababu kinachohesabiwa kwa sauti hupungua. "Na wewe unahesabu kitu cha Mungu, mbele ya mtoto, kila siku."

Baba alisogea mbele hatua moja. Nilijua anatafuta njia ya kulipanga jambo. "Nikikiondoa," akasema, "na mvua isinyeshe, mtasemaje?"

"Tutasema ni kitu kingine," akajibu kamanda.

"Na ikinyesha?"

"Tutasema ni kile."

"Mimi nitasema ni upepo umegeuka."

"Sema, ng'wanone," akasema Bibi Minza, akimwita baba yangu mwanangu. "Wewe utakuwa unasema, sisi tutakuwa tunapanda."

Tulirudi nyumbani. Baba alimweleza mama kila kitu kwa mpangilio, pamoja na hoja za upande wa pili, kwa haki ambayo ilinishangaza. Alisema akikiondoa atakuwa amekubali uongo, na kwamba kesho watamwambia aondoe kitu kingine, labda Biblia, kwa sababu nayo aliisoma kila siku kwa saa ileile. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba Limi, mimi sitajifungua mikononi mwa kipimo." Kesho yake baba alikisoma kwa mara ya mwisho saa tatu kamili. Alisema sifuri, nikasema sifuri. Ndipo akachukua jembe, akakichimbua mbele ya wanawake wa ndoo waliokuwa wamesimama njiani bila kujificha, akakifunga katika gunia na kukisukuma uvunguni. Shimo lilibaki pale, duara safi, na kuku wakaanza kuogea vumbi ndani yake.

Jumapili iliyofuata kanisa lilifanya maombi makubwa ya mvua, watu wakaimba mpaka sauti zikakauka, na baba akaongoza kama kawaida. Jumatatu mchana upepo uligeuka. Niliuona ukigeuka kwa mkia wa jogoo aliyekuwa amesimama ukingoni mwa lile shimo. Kabla ya saa ya kurudisha ng'ombe ilinyesha, mvua nzito iliyogonga paa la bati hata hatukusikiana, na harufu ya udongo ikaingia ndani kama mgeni aliyeacha kubisha hodi. Kijiji kizima kilipiga vigelegele. Baba alisimama mlangoni, uso umelowa, na sikuwahi kumwona mtu mwenye furaha na taabu kwa wakati mmoja kiasi kile. Mikono yake haikujua pa kukaa. Mwishowe alichukua jembe, akatoka mvuani, akachimba kidogo kupima unyevu umeingia kina gani, akiupima kwa kidole kwenye mpini. Wapita njia walimwona wakamcheka tu. Jembe halimfungii mtu mvua.

Siku chache baadaye, mvua ikiendelea, uchungu ulimshika mama. Tulikuwa hatujamtuma mtu bado, Bibi Minza akatokea mwenyewe, amejifunika nailoni kichwani. Kwanza aliweka majivu kizingitini na kunena maneno ambayo sikuyaelewa. Kisha akaomba sabuni, akanawa mpaka viwikoni, akaagiza wembe na uzi vichemshwe, na aliponiona nikiepua mapema akaniambia, "Rudisha motoni, wewe Limi, bado havijaiva." Mdogo wangu alizaliwa salama. Akaitwa Mabula, jina la wavulana wanaozaliwa mvua ikinyesha, na Bibi Minza akamweka mikononi mwa baba. "Haya, mhesabu huyu," akamwambia. Baba akamtazama mtoto, akamtazama yeye, akasema, "Wabeja, Mayu." Asante ya Kisukuma, basi.

Mimi nilitaka hukumu. Nilimfuata baba shambani nikamuuliza ni nini kilicholeta mvua: maombi, kuondolewa kwa kipimo, au upepo. Alikuwa akidondosha mbegu mashimoni na hakuacha. "Tulibadilisha vitu viwili wiki moja," akasema. "Hapo hakuna anayeweza kujua. Kama tungetaka kujua, tungekirudisha chombo tuone." Mama, aliyekuwa mstari wa pili na mtoto mgongoni, alisikia. "Kirudishe," akasema, "ulale nacho huko nje." Hakikurudishwa. Wala baba mwenyewe, nadhani, hakutaka kukirudisha. Nilimwona akiutazama mche wa kwanza wa pamba ukipasua udongo, na nikajua kwamba kuna maswali ambayo mtu mwenye akili timamu hawezi kuyauliza mara ya pili kwa kutumia chakula cha watoto wake. Bwana shamba alipopita alikichukua kipimo akakipeleka kijiji kingine upande wa Maswa. Kwa hiyo mvua ile, ambayo kila mtu alijua sababu yake, haikuwahi kupimwa.

Sasa naishi Bariadi mjini. Sikufika mbali shuleni, lakini nimesoma kila kitabu kilichonipitia mkononi kuhusu hali ya hewa, na vingi kuhusu dini, nikitafuta kile baba alichokiacha wazi. Nimejifunza kwamba sayansi na dini zote huanza kwa mtu kukiri kwamba hakijui kilicho juu yake, na kwamba zote zinadai uvumilivu na uaminifu wa kurudi saa ileile. Zinaachana kwenye swali alilouliza baba mbele ya ghala: ikiwa haitakuwa hivyo, mtasemaje? Sayansi lazima ijibu kabla. Imani hujibu baadaye, au hubaki imepiga magoti bila jibu. Siku hizi sioni wengi wakiuliza swali hilo popote. Utabiri unaingia kwenye simu, mchungaji wetu anausoma kabla ya sala, na watu wanauamini au wanaudharau kama walivyoviamini na kuvidharau vingine. Simu haikosi heshima, lakini hakuna anayeiita mkutanoni ijitetee. Naukumbuka ule mkutano, Bibi Minza na kicheko chake, na naona kwamba walau walikuwa wanabishana.

Nina kipimo changu, cha plastiki, juu ya nguzo fupi nyuma ya nyumba. Mwaka jana vuli ilichelewa tena. Mabula analima pamba upande wa Kimali, na alikuwa amepanda kwa mvua ya kwanza iliyomdanganya. Mbegu zilikuwa tayari chini, na hakuwa na nyingine. Alinipigia kila asubuhi. "Dada, simu inasemaje?" Kisha, kabla ya kukata, "Na utuombee." Nilifanya yote mawili. Asubuhi moja saa tatu nilikwenda nyuma ya nyumba kama kawaida. Jirani yangu alikuwa akianika nguo upande wa pili wa uzio, ananitazama. Niliinama, nikatazama ndani, kulikuwa na vumbi na mdudu mmoja mkavu. Nalijua jambo hili kwa undani: chombo hakiiti, chombo hakizuii. Neno lilikuwa limekwisha kufika mdomoni. Niliandika namba kwenye karatasi, nikaikunja, nikaingia ndani bila kulitamka.