Mama Dorcas na Ukumbi wa Wacheki

Mama Dorcas alikuwa anatafuta ukumbi. Hapa Buffalo kumbi zipo, ila kila mmoja una balaa lake. Huu wanazima muziki saa nne, ule hawaruhusu chakula cha nje, na ule mwingine jirani yake ni mzee anayepigia polisi simu hata ukipiga chafya. Na binti yake, Dorcas, nesi, mtoto wa pekee, anaolewa Februari, theluji ikiwa magotini. Wakwe wanakuja na basi zima kutoka Columbus. Watu hao huwezi kuwapanga sebuleni kwako mtaa wa Black Rock.

Mimi nakodisha viti na mapambo, kwa hiyo kumbi nazijua. Nikamwambia, "Mama Dorcas, ukumbi ni mmoja tu. Ule wa chama cha Wacheki na Waslovakia, karibu na mto. Jiko lake litameza masufuria yako yote ya pilau, na jirani ni kiwanda kilichofungwa."

"Basi twende tukaongee bei."

"Bei siyo tatizo. Hawamkodishii asiye mwanachama."

"Zabroni, hata uanachama una bei."

Huyu ndiye Mama Dorcas, jina lake Clementina, wa Bukoba. Alianzia Louisville akikunja mashuka ya hoteli, akahamia Gahanna, kando ya Columbus, akifungasha vyakula vya ndege, na leo anauza sambusa na vitumbua hapahapa Buffalo, mtaa wa Lower West Side. Bei ya kwanza aliyotajiwa hajawahi kuilipa popote. Kwa daktari wa meno alishusha huku mdomo umejaa pamba.

Katibu wa chama, Bi Ludmila, mama wa Kicheki mwenye shingo ndefu na subira fupi, alimsikiliza kisha akasema mwanachama ni mtu anayependa utamaduni wao. Ahudhurie shughuli za msimu: maonyesho ya picha Louisville, mchezo wa vikaragosi Columbus, muziki hapa Buffalo. Baada ya hapo kamati itaamua.

"Na nikilipa zaidi?"

"Utamaduni haulipiwi, madam."

Mama Dorcas akanigeukia akasema kwa Kiswahili, "Huyu hajui biashara, lakini ana uso wa kukataa. Washa gari."

Louisville nilikuwa nakwenda kuchukua viti hata hivyo. Kule kwenye maonyesho alisimama mbele ya picha moja nyeusi tupu, ina doa jekundu pembeni. Mchoraji mwenyewe akaja, mnyenyekevu, akaeleza kwamba ile ni huzuni ya jiji la Brno wakati wa baridi. Mama Dorcas akasoma bei, akamtajia nusu yake.

"Sehemu kubwa hujachora," alimwambia.

Mchoraji akakataa. Mama Dorcas akafanya wanavyofanya wanunuzi wote wenye akili: akashukuru, akaondoka polepole ili aitwe. Akapita picha zote, hakuitwa. Akafika mlangoni, akakohoa. Tulifika mpaka kwenye gari, akasimama pale ameshika kitasa, anasubiri.

"Hawaiti," nilimwambia.

"Wataita."

Tuliondoka giza likiingia. Mbinu ile inahitaji mtu wa upande wa pili anayeijua.

Columbus alilala. Vikaragosi vilipigana marungu, watoto wakacheka, yeye akakoroma katikati ya mchezo wa watu. Bi Ludmila akamkubalia hivyohivyo, maana wanachama wake nusu walikuwa wanakoroma pia.

Likabaki Buffalo. Ni wanamuziki wanne wa nyuzi, hawana ngoma, hawana mwimbaji, wala spika. Nilimpa onyo njiani: "Wale hunyamaza katikati ya wimbo. Wakinyamaza, usipige makofi. Wala vigelegele."

"Sipigi."

"Usiongee."

"Siongei. Unaniona mshamba?"

Na kweli, hakupiga makofi wala hakuongea. Maagizo yangu aliyafuata yote. Kosa ni kwamba sikumwambia asitunze.

Walipofika kwenye ule wimbo wa polepole, kijana wa fidla kubwa, ile inayoshikwa katikati ya magoti, akabaki anapiga karibu peke yake. Ondrej, kijana mwembamba, jasho linamtiririka. Watu wamekaa kama wanasubiri majibu ya damu. Nikamwona Mama Dorcas anahangaika kitini. Baadaye aliniambia aliona aibu kwa niaba ya wenyeji: mtoto wa watu anajitoa hivyo, na hakuna hata mmoja anayenyanyuka!

Akanyanyuka yeye. Akaingia katikati na kitenge chake cha tausi, mabega yanacheza taratibu, kwa heshima kabisa, akafungua pochi akambandika Ondrej noti kwenye paji la uso. Kwa lile jasho ikashika. Akabandika ya pili. Ya tatu ikateleza ikaingia kwenye tundu la fidla, na kuanzia hapo fidla ikaanza kunguruma kama nyuki kwenye chupa. Ondrej macho yamefunikwa na noti, lakini mkono hakuusimamisha. Wenzake wanatetemeka kwa kicheko.

"Madam, keti chini!" Bi Ludmila alisimama na ile shingo yote.

Hapo ndipo mzee mmoja Mslovakia, Mzee Štefan, mwenyekiti wa chama, alipoinuka na fimbo yake. Nikajua tunafukuzwa. Mzee akajikokota mpaka mbele, akalamba noti, akambandika mpiga fidla ndogo.

"Štefan!"

"Kijijini kwetu ndivyo tulivyofanya," mzee alisema. "Kwenye harusi yangu mpiga fidla hakuona njia ya kurudi nyumbani."

"Prague hakuna mtu anayefanya hivi!"

"Ndiyo maana harusi za Prague zinaisha mapema."

Waslovakia wakapiga meza. Wacheki wakaguna. Wimbo uliishia hukohuko kwenye kunguruma.

Kamati ikakaa palepale kwenye kona ya kahawa, Mama Dorcas kasimama mbele yao ameshika pochi kwa mikono miwili. Bi Ludmila akasema hapana. Mzee Štefan akasema ndiyo. Wengine wakaangalia vikombe. Ondrej alikuwa ameigeuza fidla chini juu, anaitikisa. Noti ikadondoka, akaiokota.

"Kwenye sherehe zenu huwa inakuwa hivi?" alimuuliza Mama Dorcas.

"Hii? Hii ni ya kuonja tu, mwanangu."

Ondrej akamgeukia Bi Ludmila. "Mwaka wa nne huu nawapigia kwa keki. Mpeni ukumbi, na sisi wanne tupige kwenye harusi. La sivyo tafuteni wengine."

Ile ndiyo lugha ninayoielewa. Bi Ludmila akakaa. Wanamuziki wa kupiga kwa keki hawaokotwi barabarani.

"Februari," alisema. "Na mkimaliza, msafishe jiko."

Mama Dorcas akafungua mdomo kuomba apunguziwe. Nikamkanyaga mguu.

Harusi ilijaa. Ondrej na wenzake walipiga ule wimbo wa polepole bwana na bibi harusi wakiingia, na wakwe wa Columbus waliwapamba wale wanne mpaka usingeweza kujua nani ana nywele za rangi gani. Bi Ludmila alikaa meza ya mbele, mikono amekunja, sahani ya pilau ya pili ikiwa imeisha. Kisha nikaguswa bega.

"Bwana wa viti," Bi Ludmila alininong'oneza, ameshika noti moja kubwa. "Una noti ndogondogo?"

Nilikuwa nazo. Kwenye harusi huwa nazibeba, na huwa nakata changu kidogo. Nikamtajia.

"Kiasi hicho?" alisema. "Punguza."